Ng'ombe Mgongoni mwa Bukuru

Mkono unaotetemeka hauna haki juu ya ngozi ya mtu. Huo ni uamuzi wangu, nimeutoa mwenyewe bila kushauriwa na daktari wala mchungaji, na ndiyo maana mashine yangu sasa imeviringishwa katika kitambaa na kuwekwa juu ya kabati. Ninyi vijana mnaochora tatuu hapa Kasulu na kule Kibondo mmenijia kwa zamu mkiniomba niwaachie maneno. Nimekubali. Sikuingia darasani hata siku moja, kwa hiyo mimi ninasema na mjukuu wangu Anitha anaandika. Nimemwonya asinipambe. Jana alinisomea alichokiandika, nikasikia kwamba eti "nilibubujikwa na machozi". Nikamwamuru afute. Mimi sibubujikwi.

Sitaeleza kazi hii ilinipatia nini. Nyumba mnaiona, ina bati, yatosha. Nitaeleza nilivyoanza, vyombo nilivyovishika na watu walionirekebisha, kisha nitafika kwa yule kijana aliyetaka ng'ombe mzima mgongoni, kwa kuwa ndiye mnayemuulizia kila mara mkidhani sijui kwa nini mnacheka.

Nilianzia uani kwa Mama Zuhura, mke wa muuza vitambaa wa hapa mjini. Wazee wake walitoka pwani, naye aliwapamba maharusi kwa hina na piko. Mimi nilikuwa mke mchanga, nimeolewa kutoka Kitanga, ninamfulia nguo. Siku niliyothubutu kuomba nijaribu kuchora, alinitazama viganja.

"Mkono huu umezoea jembe," akasema. "Utaliweza ua?"

"Jembe nalo hufuata mstari, mama."

Alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Nilikuwa nimekosa adabu, lakini sikuwa nimekosea. Hata hivyo hakunipa hina. Alinikalisha mlangoni nitazame wapita njia, na jioni akaniuliza nimeona nini. Nilipomjibu kwamba nimeona watu, alinirudisha mlangoni. Hivyo hivyo mpaka nilipoanza kuona mabega yanavyopanda mtu anapobeba ndoo, na ngozi ya mgongo inavyotanuka mtu anapoinama kuwasha moto.

"Mwili si ukuta, mwanangu," alinifundisha. "Ukuta hubaki ulipojengwa. Mtu hukaa, huinama, hunenepa, hubeba mtoto. Ukimchora amesimama tu, umemchora maiti."

Baadaye wakaanza kuja watu waliotaka kitu kisichooshwa na maji. Mama Zuhura aliwakataa wote. "Hina ni mgeni mwenye haya, huja na kuondoka," alisema. "Hiyo ya sindano ni yako wewe na Mola wako." Hakuikubali kazi yangu mpaka alipofariki, na mpaka alipofariki hakuacha mstari wangu uliopinda upite bila kunikemea. Nimekutana na watu wengi walionisifu ambao hawakunisaidia hata nusu ya alivyonisaidia yeye kwa kunilaumu.

Ngozi yangu ya kwanza ilikuwa ndizi. Sina aibu ya kusema hivyo, na kila anayeanza leo namwelekeza huko huko. Ganda la ndizi mbichi ni jembamba na halifichi siri: ukizidisha nguvu, utomvu huchuruzika na kila mtu akaliona kosa lako. Nilichora ndizi kwa sindano iliyofungwa kwenye kijiti, kisha nikazimenya na kuzipika, kwa kuwa chakula hakitupwi. Marehemu mume wangu alivumilia kwa muda. Siku moja aliisogeza sahani akasema, "Mke wangu, wiki hii nimekula mijusi, jogoo na nyoka. Kesho nichoree nyama."

Mashine niliipata kwa Papa Feli, Mkongomani fundi redio aliyeishi katika kambi ya wakimbizi na kufika kwetu siku za gulio. Aliitengeneza kwa mota ya redio ya kaseti, bomba la peni na mpini wa kijiko alioukunja. Siku tulipoiwasha kwa betri, kuku walikimbilia kwa jirani, na jirani mwenyewe akachungulia kuuliza kama ninakaanga nyuki.

"Atansio, Mama!" Papa Feli alipiga kelele. "Iyi moteri iko na nguvu mingi. Ukikandamiza sana utatoboa mutu mupaka ku mufupa, na mimi siko munganga!"

Alikuwa mcheshi, ila kwa jambo moja alikuwa mkali kuliko mimi. Kabla ya kuniachia mashine aliniapisha juu ya sindano: mpya kwa kila mtu, hata kama mtu huyo ni ndugu, hata kama ni padri. "Sindano ni kama mswaki, Mama. Haiazimwe." Nimewatimua wanafunzi wawili uani kwangu kwa ajili ya kiapo hicho. Mmoja wao leo ana duka la simu, na nadhani simu zimepata hasara ambayo ngozi za watu zimeepuka.

Kabla sijamgusa mtu nilimtaka anionyeshe bega. Bega lenyewe halikunihusu. Nilitafuta kovu la chanjo ya utotoni. Kovu lililolala linaonyesha ngozi tulivu. Kovu lililovimba na kung'aa kama punje ya harage linaonyesha ngozi yenye kinyongo, na ukiichokoza kwa mchoro mkubwa itakulipa uvimbe mgongo mzima. Wenye kovu la namna hiyo niliwarudisha nyumbani. Walininung'unikia wakiwa na migongo yao mizima, na manung'uniko ya namna hiyo nayaweza.

Waliobaki niliwavika utomvu. Hili mnanicheka nalo, lakini sijaona bado mwenye njia bora. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi bila kupaka mafuta mikononi anajua utomvu wa mgomba unavyoshika: hugeuka mweusi, ukacheka sabuni, ukaondoka pale tu ngozi yenyewe inapouchoka. Mtu aliyetaka mchoro mkubwa nilimchora wote kwa utomvu kwanza. Kisha nilimwambia aende nao kila mahali anapoogopa. Mbele ya marafiki kila tatuu ni nzuri. Ipeleke kwa mama yako, ipeleke mtoni wanakooga wazee, ipeleke kwa mwajiri. Ukirudi unaitaka bado, tutaanza.

Wengi hawakurudi, na hiyo nayo ilikuwa kazi iliyofanikiwa. Kijana mmoja alitaka jina la mchumba shingoni. Utomvu haujapauka, akarudi kuuliza kama "Rehema" linaweza kugeuzwa kuwa "Rebeka". Mimi herufi nilizichora kama nilivyochora mijusi, sikuzisoma, lakini swali lile nililielewa. Nikamwambia akaoge, na awe na subira.

Sasa nafika kwa Bukuru.

Alikuwa pacha wa kwanza, kama jina lake linavyosema, mzaliwa wa Munanila, dereva wa bodaboda kati ya Kasulu na Kibondo. Aliingia uani kwangu na kofia ya pikipiki kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua hicho chungu nikuone."

Akavua. "Nataka tatuu, bibi. Kubwa. Mgongo wote."

"Ya nini?"

"Ng'ombe."

Nilizima redio ili nisikie vizuri. Wenzake wote walitaka simba, au tai, au misalaba yenye mabawa.

Alinieleza huku amesimama. Alipendana na Leokadia, binti wa Mzee Rusimbi wa Kitanga. Sisi Waha tunapenda ng'ombe, hilo halina mjadala, lakini Mzee Rusimbi alipitiliza; mkewe alisema kwamba usingizini huita majina, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Mahari haikuwa shida, kwa kuwa ukoo wa Bukuru ulikuwa tayari kutoa kitakachotajwa. Shida ni kwamba mzee aliwarudisha washenga njiani kwa neno moja. "Kijana huyu," alisema, "akikuta ng'ombe barabarani anapiga honi. Nitampaje binti yangu mtu anayempigia ng'ombe honi?" Na tangu hapo mfugaji mmoja wa upande wa Kibondo alianza kupita pale nyumbani kusalimia, na salamu zake zilikuwa ndefu.

"Nikiwa na ng'ombe mgongo mzima, bibi, mzee ataona kwamba siko mchezo."

"Ataona kwamba u mjinga. Hata hivyo ujinga si kovu. Nionyeshe bega."

Kovu lake lilikuwa limelala kama mbwa aliyeshiba. Nikakosa sababu ya kumfukuza. Nikamuuliza ng'ombe mwenyewe yukoje, naye akatoa simu na kunionyesha mnyama wa madoa meusi na meupe, asiye na pembe, kiwele kama gunia.

"Huyu ni nani?"

"Ng'ombe, bibi. Nimemtoa mtandaoni."

"Huyu ni pipa la maziwa. Pembe ziko wapi?"

"Si tutaongeza?"

Nilimwambia kwamba pembe haziongezwi kama chumvi. Akamtafute ng'ombe anayepumua, amtazame mpaka amjue. Kisha nikampa kazi ya pili, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Alikuwa amekwisha kusikia habari za mchoraji mmoja wa Kibondo, kijana mwenye spika kubwa mlangoni, aliyeahidi kuumaliza mgongo kati ya asubuhi na jioni. Nikamwambia aende kwake.

"Unanifukuza, bibi?"

"Nakutuma. Ila usimwombe akuonyeshe kazi ya jana. Kazi ya jana yote inang'aa. Hata uongo wa jana unang'aa. Mwombe akutajie watu aliowachora zamani. Watafute, uwaombe wavue mashati."

Mteja anayetaka kuchorwa kitu kidogo anaweza kuchagua mchoraji kwa sababu ya muziki wake. Anayetaka mgongo mzima anachagua mtu atakayembeba mpaka kaburini, na sijui kwa nini watu huuliza maswali mengi zaidi wanaponunua mbuzi. Msikasirike mteja anapokwenda kutazama kazi za wenzenu. Mtumeni wenyewe. Akirudi, amerudi na macho.

Bukuru alirudi. Alikuwa amempata mtu mmoja mwenye simba.

"Simba yukoje?" nikamuuliza.

"Bibi, amekuwa paka aliyenyeshewa. Mwenyewe siku hizi anasema aliomba mti."

Sababu yake naijua, na mchoraji yule naye sasa anaijua, kwa kuwa yumo miongoni mwenu na simtaji. Alibana mistari. Wino ndani ya ngozi ni kama ndugu, kila mwaka husogea karibu zaidi. Usipouachia nafasi utakalia kiti cha mwenzake. Kwenye ngozi zetu nyeusi, mstari uwe mnene na uwe na ujirani wa mbali.

Kisha Bukuru akakuna kichwa. "Na wewe, bibi? Watu wako wa zamani wako wapi?"

Nilifurahi, ila uso niliukunja. Nikamtuma kwa muuza dagaa sokoni, ambaye mkononi ana mjusi niliyemchora kabla Leokadia hajazaliwa. Akarudi mpole. Mjusi alikuwa bado na vidole vyote.

Ng'ombe alimchelewesha zaidi. Mtu aliyekuwa akipiga honi sasa alizima injini kila alipokuta kundi, akashuka, akasimama ukingoni mwa barabara kama mnunuzi. Malalamiko yaliletwa kwangu. Mama mmoja alinisimamisha gulioni: "Mwambie huyo kijana wako! Juzi nimeachwa juu ya pikipiki na kuku wangu mapajani, yeye anazunguka ng'ombe wa watu! Nikamwita, ananiambia nisiwashtue!"

Hatimaye alimpata. Alimkuta kwenye mteremko, mchungaji akiwa mbali, ng'ombe jike mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alinieleza kwa mikono yote miwili: nundu ilivyopanda, mgongo ulivyoshuka, shingo ilivyokuwa na mikunjo, pembe ya kulia ilivyonyooka. Picha aliyopiga haikusaidia sana, kwa sababu ilikuwa na kidole chake mbele ya pembe ya kushoto. Nilimchora kwa maneno yake. Nilimkalisha kwanza juu ya pikipiki yake pale uani, ameshika usukani na kuinama kama anayepanda mlima, maana huko ndiko ng'ombe angeishi. Mama Zuhura angeniuliza habari hiyo hata kutoka kaburini. Pembe zikaelekea mabegani, miguu ikashuka kiunoni, na pale kidole kilipoficha nikakisia.

Utomvu ulipokauka, nikamuuliza kama kawaida.

"Unamwogopa nani kuliko wote?"

"Mzee Rusimbi."

"Basi nenda ukamwonyeshe."

Akakaa chini. Nami, neno likiwa bado mdomoni, nikaona nilichokisema. Kwetu mkwe havui shati mbele ya baba mkwe. Wengi hata macho hawagonganishi. Na huyu hakuwa mkwe bado. Kijana anayetaka kuposa akienda kuvua nguo mbele ya mzee, amejifungia mlango mwenyewe na kutupa ufunguo chooni.

"Bibi, nikivua shati pale nimekwisha."

"Usipomwonyesha, sikuchori."

Kanuni yangu ilikuwa upande mmoja na heshima ya Waha ilikuwa upande wa pili, na katikati alikuwapo kijana aliyenuka utomvu. Sikuwa tayari kuvunja hata moja. Siku iliyofuata Leokadia mwenyewe alikuja, binti mrefu asiyezunguka maneno.

"Bibi, unataka niolewe na yule wa salamu ndefu?"

"Sikusema hivyo."

"Basi fanya jambo. Utomvu unapauka."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikamkumbuka Mama Zuhura alivyompamba binti mwali aliyekatazwa kuonekana: pazia lilifungwa, na mkono peke yake ukatoka nje. Mkono ulipambwa na binti hakuonekana. Nikasimama, nikachukua kanga yangu kuukuu, nikaikata dirisha katikati. Leokadia alilipima kwa macho, akacheka kwa mara ya kwanza.

Tulikwenda Kitanga asubuhi. Mama yake Leokadia alikwisha kuandaliwa, akamweka mzee ndani kwa uji. Tukaitundika kanga kati ya nguzo mbili za zizi. Bukuru akapita nyuma, akavua shati, akasimama na kutugeuzia mgongo. Mbele hakuonekana mtu. Alionekana ng'ombe dirishani.

Mzee Rusimbi alitoka na fimbo yake.

"Mwakeye, mama," akanisalimu kwa Kiha. "Nimeambiwa kuna ng'ombe wa kutazama."

"Yupo hapo dirishani, mzee."

"Na nyuma ya kanga kuna nani?"

"Hilo hukuitiwa."

Alinikazia macho, kisha akaikazia kanga. Alikuwa mtu mwenye akili. Alielewa kwamba ameachiwa nafasi ya kutojua, naye akaichukua. Akasogea. Akainama. Fimbo ikaanguka.

"Gaju!"

Ndani ya zizi, ng'ombe mwekundu mwenye baka usoni aliinua kichwa na kuitikia.

Gaju ni jina wanalopewa ng'ombe wekundu. Yule alikuwa kiongozi wa kundi la Mzee Rusimbi, mama na bibi wa nusu ya zizi. Mimi sikujua. Bukuru naye hakujua. Nilithibitisha hivyo kwa sababu mgongo wake ulitoa jasho papo hapo, na ng'ombe mzima akaanza kung'aa.

"Huyu ni Gaju wangu! Nani amemtoa malishoni bila kuniambia?"

"Hakutolewa, mzee. Alitazamwa tu."

"Ametazamwa na nani hivi? Wanangu wenyewe hawajawahi kumwona huo mkunjo wa tatu wa shingo!" Akashusha sauti. "Huyu aliyemtazama hakumpigia honi." Kisha sauti ikampanda tena. "Lakini pembe! Pembe ya kushoto nani kaivunja? Gaju wangu hana pembe iliyolala kama sikio la mbuzi!"

Kutoka nyuma ya kanga ikasikika sauti nyembamba. "Baba, ni kidole, kwenye picha kidole kili—"

"Kanga isiseme!"

Kanga ikanyamaza.

Nikamweleza mzee kwamba ule ni utomvu, bado haujawa mchoro. Pembe inaweza kurekebishwa. Akitaka, mchoro wote unaweza kuachwa, nao utafutika wenyewe kabla mwezi haujakomaa.

"Atafutika?" akauliza. "Gaju?"

"Usipomkubali."

"Na nikimkubali?"

"Hafutiki tena. Ila atakwenda popote mgongo huo utakapokwenda. Mgongo ukihamia Kibondo, atahamia Kibondo. Ukioa kwingine, atalala kwingine."

Leokadia alikuwa ameshika nguzo ya zizi kwa mikono miwili. Mzee Rusimbi aliokota fimbo, akazunguka hatua chache, akarudi dirishani, akamtazama ng'ombe wake kwa muda mrefu kuliko salamu zozote za mfugaji.

"Ng'ombe wangu halali katika boma la mtu nisiyemjua," akasema mwishowe. "Iambie hiyo kanga ilete washenga. Na pembe nitaisimamia mwenyewe."

Aliisimamia kweli. Kazi yenyewe tuliifanya kidogo kidogo, tukiacha ngozi ipone kila tulipotoka sehemu moja kwenda nyingine, tangu maharage yalipopandwa mpaka yalipong'olewa. Mzee alikuja na kigoda chake, akakaa upande wake wa kanga. Nimechora watu wagumu, lakini sijachora chini ya msimamizi wa namna ile. Tulipofika mbavuni, Bukuru alitamka maneno ya Kiha ambayo Anitha amekatazwa kuyaandika.

"Mbona ng'ombe anatikisika?" mzee akauliza.

"Anaumwa, mzee."

"Gaju haumwi. Endelea."

Pembe ya kushoto niliichora mbele ya macho yake, na alipoguna kwa kuridhika nilizima mashine, nikaifuta kwa spiriti na kukaa chini. Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Miezi michache baadaye Leokadia alikuja kunilalamikia. "Bibi, kila asubuhi nikifumbua macho natazamana na ng'ombe wa baba."

"Shukuru," nikamwambia. "Ungeweza kutazamana na baba."

Miaka ikapita, Gaju akazeeka, akafa akiwa amelala zizini kama mama mwenye nyumba. Tangu hapo kila ndama alipozaliwa katika uzao wake, mzee alimpigia simu Bukuru. Kanga ilitolewa kwenye msumari inakotundikwa, ikafungwa kati ya nguzo zile zile, na ndama akaletwa kando ya dirisha ili afananishwe. Mzee hakuwahi kumwona mkwe wake bila shati. Hilo ni jambo la heshima, na katika ukoo ule linatunzwa.

Msimu huu, mkono wangu ulipoanza kunisaliti, nilitaka kufanya nilichowaagiza wateja wote: kutazama kazi iliyopona. Nikaenda Kitanga. Kulikuwa na ndama mpya, mwekundu. Kanga imechakaa, dirisha limeshonwa kingo. Nikamtazama ng'ombe wangu kwa muda. Mistari ilikuwa imesogeleana kidogo, kwa adabu, na kila mmoja alikuwa bado amekalia kiti chake. Bukuru amenenepa, kwa hiyo Gaju naye amenenepa, na kusema kweli amependeza zaidi.

Mzee Rusimbi aliletwa akishikwa mkono na Leokadia, kwa sababu macho yake yameingia ukungu. Alisimama mbele ya kanga akitafuta kwa vidole. Kisha akapitisha mkono dirishani, akaulaza juu ya ng'ombe.

"Pembe ya kushoto," akasema. "Bado imesimama vizuri."

"Baba," sauti ya Bukuru ikasikika kwa upole nyuma ya kanga, "hapo ni mkia."

"Nyamaza. Sisemi na wewe. Nasema na Gaju."

Hakuuondoa mkono wake. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu, na sikumkataza.